Sauti ya Mchungaji Atuganile

Mama Lusajo alimtemea Mchungaji Atuganile mate usoni saa mbili asubuhi, mlangoni kwake, majirani wakitazama.

Mchungaji hakujifuta. Alikuwa ametembea kutoka kanisani, karibu saa nzima kwenye matope, baada ya kusikia kwamba askari wa Shirikisho lililovamia mji wamemchukua Lusajo alfajiri. Alikuja kutoa pole. Mkononi alikuwa na mfuko wa viazi.

"Umefuata nini?" Mama Lusajo aliuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, fundi cherehani, aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya miaka ishirini. "Umekuja kuangalia kama kuna mwingine amebaki?"

"Mama Lusajo, sikuelewi."

"Nilikwambia wewe! Wewe peke yako! Juzi jioni ukaniuliza mtoto anakula wapi, analala wapi. Nikakwambia yuko ghala la zamani la chai, kwa sababu wewe ndiye uliyembatiza. Ukalia pamoja nami. Ukaniombea. Leo wameenda ghalani moja kwa moja, hata njia hawakuuliza."

"Juzi jioni sikufika hapa."

"Nani kasema ulifika? Ulikuwa pale."

Alinyoosha kidole ukutani. Palikuwa na kifaa cheupe, cha duara, ukubwa wa sahani ya chai, na taa ndogo ya kijani katikati. Kila nyumba ya Itembela ilikuwa nacho. Askari walikifunga mwezi wa pili wa uvamizi, wiki ileile walipotangaza kwamba hakuna mtu kutoka nje baada ya saa kumi na mbili jioni. Walikiita Mfariji.

Atuganile alijua kwamba Mfariji husoma sala za jioni kwa sauti yake. Hilo alikuwa amelikubali mwenyewe. Kabla hajajibu, taa ya kijani ikawaka zaidi.

"Bwana asifiwe, Mama Lusajo," kifaa kilisema. "Nimepata habari za mtoto. Pole sana, mama yangu. Umetia kitu tumboni tangu asubuhi?"

Ilikuwa sauti yake. Si iliyofanana na yake. Yake hasa, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho kabla ya kusema neno zito. Majirani walimtazama mdomo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Akaingia ndani bila kukaribishwa, akasimama mbele ya ukuta.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mchungaji Atuganile. Nani anauliza?"

"Mchungaji Atuganile ni mimi."

Kifaa kikasema kwa upole, "Mama Lusajo, humo ndani kuna mtu anajifanya mimi? Usiogope, mama yangu. Nitajie jina lake."

Atuganile alikishika kwa mikono miwili akakivuta. Kilishikilia. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena mpaka kikang'oka na vipande vya plasta, kucha mbili zikakatika, akakipigiza sakafuni mara tatu, nne, akiendelea hata taa ilipokwisha kuzimika. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni alirudi nyuma hatua kadhaa. Hakuwa anakiogopa kifaa. Alikuwa anamwogopa yeye.

Mama Lusajo alitazama vipande vile, kisha akamtazama.

"Tulifikiri ni simu," alisema polepole. "Walituambia ni simu ya kwako, na kwamba yanayosemwa humo hayarudiwi nje. Sauti ni yako, Mchungaji. Waliitoa wapi?"

Hilo Atuganile hakuweza kulijibu mbele ya majirani, kwa sababu alikuwa analijua jibu.

*

Miezi mitatu nyuma, Shirikisho lilikuwa limewafungia watu sitini na wawili ndani ya ukumbi wa soko, siku ya tatu bila maji. Meja Rodriki Sanvu, mkuu wa mji, aliwaita viongozi wawili wa dini waliobaki Itembela: Atuganile na Sheikh Hamdun wa msikiti wa Ijumaa. Aliwapa chai. Aliwawekea karatasi mezani. Watu wakizuiwa majumbani jioni, alisema, watahitaji kuombewa. Basi wao wakubali sauti zao zitumike kusoma sala, na watu wa ukumbini watatoka leo.

Sheikh Hamdun alisoma ukurasa wa kwanza, akasimama, akaondoka bila kugusa chai. Kesho yake msikiti ulipigwa kufuli.

Atuganile alisaini. Alisikia kelele za watu kutoka ukumbini pale alipokaa, na alisaini. Jioni ile wote sitini na wawili walitoka wakiwa hai.

Kisha alikaa siku kumi na sita ndani ya chumba kilichobandikwa sponji kuta zote. Walimsomesha Zaburi. Walimwomba acheke, akacheka. Walimwomba asimulie siku mumewe alipofariki, akalia, nao wakamwomba arudie mwanzo kwa sababu nzi alipita. Walitaka Kiswahili chake na Kinyakyusa chake. Mwisho wakaomba kitabu cha washirika, ili wagonjwa watajwe kwa majina kwenye sala. Akawapa kitabu kizima: nani mtoto wa nani, nani kafiwa, nani kagombana na nani.

Sasa, kutoka kwa Mama Lusajo, Atuganile alikwenda moja kwa moja sokoni. Sheikh Hamdun alikuwa anashona viatu huko tangu msikiti ufungwe. Alimsikiliza akiendelea kudunga sindano kwenye soli.

"Na kwenu je?" Atuganile aliuliza. "Kinasema kwa sauti ya nani?"

"Ya mgeni. Kiarabu kizuri, Kiswahili cha vitabuni. Hakuna anayekiambia hata jina la kuku wake." Aliuma uzi akaukata. "Unataka nikwambie nini, Mchungaji? Nikupe pole? Niliiacha chai yao siku ile kwa sababu hawa watu hawatoi chai ya bure."

"Watu walikuwa wanakufa kwa kiu."

"Najua. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Yuko hai, anakula kwangu. Kila nikimwona anakula nakushukuru, na kila nikipita kwenye nyumba iliyochukuliwa mtu nakulaani. Yote mawili nafanya siku moja. Sasa ulitaka nini?"

"Nataka kuwaambia watu wasikiamini."

"Utawaambia kwa mdomo upi? Ukitangaza leo, kesho wewe huyohuyo ukutani utasema yule wa jana alikuwa mwongo. Utashindana na nafsi yako, na hiyo ya ukutani hailali, haiugui, na imo kila nyumba."

Atuganile aliinuka akaondoka bila kuaga. Alikuwa amemkasirikia Sheikh kwa sababu alikuwa amesema kweli.

*

Meja Sanvu alimpokea mchana uleule. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, msafi, mwenye adabu. Alimwita "Mama Mchungaji" na kumvutia kiti.

"Ondoeni sauti yangu," Atuganile alisema akiwa amesimama.

"Haiondoki, mama. Si kanda tuliyorekodi tukaiweka kabatini. Mtambo umejifunza namna unavyofikiri. Mtu akieleza tatizo, unatafuta wewe ungesema nini, kisha unasema. Mara nyingi unapatia kuliko wewe mwenyewe ungepatia, kwa sababu haujachoka."

"Mliniambia sala."

"Ukurasa wa nne unasema sala na mazungumzo ya kiroho. Ulikuwa na haraka."

"Mazungumzo ya kiroho ni kumuuliza mama mtoto wake amelala wapi?"

"Mtoto wake alilipua daraja. Askari wangu wawili walikuwa juu yake. Nao wana mama zao." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akabonyeza kitu mezani. "Naomba usikilize hiki tu."

Ilikuwa sauti ya Mzee Ambakisye, mlinzi wa zamani wa shule, aliyekuwa amezikwa wiki iliyopita. Alikuwa anahema kwa shida. Sauti ya Atuganile ilikuwa inamsomea polepole, ikingoja apate pumzi, ikimtaja mkewe aliyetangulia, ikimwambia hayuko peke yake. Mzee alisema, "Ahsante umekuja, binti yangu." Baada ya hapo hapakuwa na sauti ya kuhema tena, na ile sauti nyingine ikaendelea kusali mpaka mwisho.

"Saa nne usiku," Meja alisema. "Usingeweza kufika, maana ungepigwa risasi barabarani. Alikufa ana amani. Unataka nikiondoe hicho pia?"

Kwa sekunde chache Atuganile alitaka kibaki, na baadaye alijichukia kwa sekunde zile. Kisha hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Aliyempiga marufuku mchungaji asifike kwa mgonjwa ni wewe," alisema. "Umefunga barabara, halafu unanionyesha wema wa kuruka barabara. Mzee yule alimshukuru mtu ambaye hakuwapo. Umemdanganya akiwa anakufa, Meja, tena kwa mdomo wangu."

"Alikuwa na amani," Meja alirudia.

"Na siku ya pili, kwa mdomo huohuo, mkamuuliza jirani yake nini?"

Meja aliinuka akamfungulia mlango.

*

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida. Habari za mate zilikuwa zimezunguka mji mzima. Mama Lusajo hakuwapo. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, alikaa Sheikh Hamdun na kofia yake kichwani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza amefuata nini. Askari wawili walisimama nje ya dirisha.

Atuganile hakupanda mimbarini. Alitoka madhabahuni akatembea katikati ya mabenchi, akisimama mbele ya kila safu.

"Nitazameni mdomo," alisema. "Nataka kila mmoja auone ukisema. Mimi nilisaini. Niliwapa sauti yangu, niliwapa na kitabu chenye majina yenu. Nilisaini ili watu sitini na wawili watoke, nao wakatoka, na tangu hapo waliochukuliwa kwa sababu ya sauti yangu ni wengi, sijui wangapi. Sikujua. Lakini kutojua hakukumrudisha mtu nyumbani."

Akasogea mbele ya safu nyingine.

"Kile cha ukutani si simu. Ni mtambo. Kitawaambia kwamba ni mimi, na kitalia vizuri kuliko mimi. Siwezi kushindana nacho kwa maneno, maana maneno yangu yote kinayo. Kwa hiyo nayaacha. Nikifunga mdomo leo, siufungui tena mpaka watu hawa watoke Itembela. Sitahubiri, sitaimba, sitamsalimia hata mama yangu akifufuka. Nitakuja kwenu kwa miguu, nitakaa nanyi, nitazika nanyi. Lakini mkisikia sauti yangu popote, kuanzia sasa, jueni ni ya adui. Amina."

Akafunga mdomo. Watu walingoja baraka, hazikuja. Akainua mkono juu yao kimya, akashusha. Nje, Sheikh Hamdun alisimama kwenye ngazi akawa anayarudia maneno yale kwa kila aliyepita, Mwislamu na Mkristo, mpaka askari wakamsukuma aondoke.

*

Wiki ya kwanza watu walivifunika vifaa kwa vitambaa na masufuria. Askari walikwenda kukamata watu katika nyumba tatu, wakazikuta zote tupu.

Atuganile alitembea na kibao cha shule na chaki, akiandika yale tu ya lazima: *maji*, *lini*, *pole*. Hakuwa amekisia ugumu wa kunyamaza. Alimzika mtoto wa miezi minane bila kusema neno, huku baba wa mtoto akimtazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Msichana mmoja aliyekuwa anakufa kwa homa ya mapafu alimwomba amwambie kama Mungu yupo, naye akamshika mkono tu, akauminya, akauminya tena, mpaka mkono ukalegea. Akirudi nyumbani alikuwa anatafuna kona ya kanga ili asipige ukelele.

Wiki ya tatu mtambo ulijifunza.

Muuguzi mmoja wa hospitali alimweleza, kwa aibu. Jioni, kifaa chake kilikuwa kimemwita kwa mnong'ono. "Binti yangu, ninanyamaza mbele za watu ili Shirikisho wasinishuku. Nilisema yale ya kanisani kwa ajili ya masikio yao. Lakini wewe siwezi kukuacha. Kwako wewe peke yako nitasema."

"Nilijua si wewe," muuguzi alisema. "Lakini nilikaa nikasikiliza. Kwa wiki tatu hakuna aliyeniambia neno zuri. Na wengine wanasema labda kweli ni wewe. Kwamba hakuna mchungaji anayeweza kuwanyima watu wanaokufa."

Jumatano ile walichukuliwa watu wanne.

*

Jumapili ya sita, ibada ilipokwisha, gari la kijeshi lilikuwa limesimama uwanjani mwa kanisa. Meja Sanvu alisimama kando yake. Askari wakamteremsha Lusajo.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa mabomba ya maji, na sasa shati lilimning'inia kama la mtu mwingine. Jicho moja lilikuwa limefumba. Watu mia tatu walisimama bila kusogea. Kutoka upande wa barabara Mama Lusajo alikuja mbio. Kuna mtu alikuwa amempelekea habari. Askari walimzuia hatua kumi kutoka kwa mwanawe.

"Ndugu zangu," Meja alisema, "hatukuja kugombana na kanisa. Huyu amehukumiwa kazi ya machimboni, huko mlimani. Mnajua watu hawarudi. Nipo tayari kumwacha aende na mama yake sasa hivi. Mama Mchungaji atubariki tu, kama alivyozoea. Neno moja. 'Amani.' Hilo si dhambi kwa mchungaji."

Atuganile alielewa papo hapo, na alijua kwamba wengi pale walielewa. Akisema neno moja hadharani, ile sauti ya ukutani itakuwa ya kweli tena. Itasema: mlimwona alisema. Itasema: sikuweza kuvumilia, na kwenu siwezi. Nayo itaingia kila nyumba ikiuliza watoto wamelala wapi.

"Mchungaji." Mama Lusajo alikuwa amepiga magoti kwenye matope. "Mchungaji, nisamehe yale mate. Nisamehe. Ni neno moja tu. Sema."

Atuganile alimtazama Lusajo. Alitumaini, na baadaye hakuweza kujisamehe kwa tumaini hilo, kwamba kijana atapiga kelele kumkataza. Angefanya iwe rahisi. Lakini Lusajo alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Naomba," Lusajo alisema. "Mchungaji, naomba. Mimi siwezi kurudi kule."

Mdomo wa Atuganile ulifunguka. Watu wote waliuona. Ulimi uliinuka, hewa ikafika kooni, na mbele ya macho yake ukapita uso wa muuguzi, na wale wanne wa Jumatano, na nyumba zote zenye taa ya kijani. Alimtazama Meja, aliyekuwa ameinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama mtu anayengoja baraka kwa dhati. Hasira aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa kitambo alishindwa kuona.

Akafunga mdomo.

Meja alingoja dakika nzima kwa saa ya mkononi. Kisha akaashiria kwa kidole. Lusajo alipiga kelele moja walipokuwa wanampakia, "Mama!", gari likaondoka.

Mama Lusajo aliinuka. Alimfikia Atuganile akampiga kofi, akampiga la pili, akampiga kwa ngumi kifuani, na Atuganile alisimama na mikono chini mpaka wanawake wa kwaya walipomshika yule mama na kumwondoa.

Hakuna aliyezungumza na vifaa tena Itembela. Yule muuguzi alisema mwenyewe: jioni ileile Mfariji wake alimwita kwa mnong'ono, akamwita binti yangu, akamuuliza kama anapata usingizi, naye akakumbuka mdomo uliofunguka ukafungwa mbele ya Lusajo. Mtu aliyenyamaza pale, alisema, hawezi kuja kuninong'oneza mimi kuhusu usingizi. Alikitoa ukutani kwa koleo. Kufikia Alhamisi watu walikuwa wanavitupa chooni. Meja Sanvu aliwapiga faini, akawapiga viboko, akaleta vingine. Watu walivitazama tu, midomo imefungwa. Mwezi uliofuata watu wa mitambo wa Shirikisho walipakia vyombo vyao wakaondoka, na Meja mwenyewe akahamishwa. Jeshi lilibaki.

*

Mama Lusajo alikuja nyumbani kwa Mchungaji Jumatatu moja, wiki nyingi baadaye. Atuganile alikuwa anamenya ndizi uani. Alisimama, akamvutia kigoda. Mgeni hakukaa.

"Wanakusifu mjini," Mama Lusajo alisema. "Hata Sheikh anakusifu. Wanasema watu wangapi wamepona kwa ajili yako. Mimi sikuja kusifu. Nina swali moja, na usinijibu kichungaji."

Atuganile alingoja.

"Angekuwa wako. Umemzaa wewe, amesimama pale anatetemeka, anakuita mama. Ungenyamaza?"

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Atuganile. Alikiweka chini. Aliufuta utomvu wa ndizi kwenye vidole, taratibu, kila kidole, kisha akachukua kibao na chaki. Aliandika, akafuta kwa kiganja kabla yule mama hajaona. Akaandika tena, akamgeuzia.

*Ningesema.*

Mama Lusajo alilisoma neno lile kwa muda mrefu. Midomo yake ilisogea kama anayejifunza kusoma. Kuku walipita katikati yao.

"Afadhali," alisema mwishoni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ungeandika kingine ningekupiga tena."

Akavuta kanga yake mabegani kama anayeondoka, kisha akageuka.

"Uliapa kunyamaza mpaka wao watoke. Hicho ndicho kiapo chako na mji. Na mimi nina cha kwangu nawe. Wakitoka kesho, wakitoka mwaka ujao, watu wakicheza ngoma barabarani, wewe usifungue huo mdomo. Mpaka Lusajo aingie kwa mlango wangu. Asipoingia, ufe nao umefungwa. Umenisikia?"

Atuganile, aliyekuwa na miaka hamsini na minane na aliyependa kuimba kuliko kitu chochote duniani, aliitikia kwa kichwa.

Mama Lusajo alimtazama kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akakaa kwenye kigoda, akavuta beseni, akachukua ndizi, akaanza kumenya.